CT imetoka safi, mbona kichwa bado? Maswali na majibu kuhusu mtikisiko wa ubongo

Tuchukue mfano wa abiria aliyeanguka na bodaboda akagonga kichwa. Hospitali wakampiga CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, hawakuona kitu, akaruhusiwa. Sasa ni wiki ya sita na bado hayuko sawa.

Kama CT ni safi, kwa nini kichwa kinauma na mwanga unanisumbua?

CT inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Haioni jinsi seli za ubongo zinavyofanya kazi, na mtikisiko huvuruga hapo hasa. Majibu safi ni habari njema, lakini si ushahidi kwamba unajifanya.

Tena si kila kero hutoka kwenye ubongo. Shingo iliyoshtuliwa siku ya ajali huleta maumivu yanayopanda kisogoni, nayo hutibika kwa mazoezi ya fiziotherapia. Na kama ukijigeuza kitandani chumba kinazunguka kwa sekunde chache kisha kinatulia, huenda vijiwe vidogo mno vya sikio la ndani vimehama mahali pake. Mtaalamu hukulaza na kukugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, kazi ya dakika chache. Inasikitisha mtu kumeza vidonge vya kizunguzungu miezi na miezi kwa tatizo la namna hii, kwa hiyo mweleze daktari kizunguzungu kinakuja lini, usiishie kusema "nasikia kizunguzungu".

Nitapona lini?

Daktari mkweli hatakutajia tarehe. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi, watoto ndani ya mwezi, na wachache huendelea na dalili hata baada ya miezi mitatu. Aliyewahi kuumia kichwa, au mwenye kipandauso, wasiwasi au sonona tangu zamani, anaweza kuchelewa zaidi.

Nafuu yenyewe huja na kurudi nyuma. Jumatatu umefua na kupika vizuri, Jumanne mlio wa sufuria tu unakukera. Ukilinganisha leo na jana utakata tamaa bure; linganisha wiki hii na wiki kama hii mwezi uliopita.

Basi nijifungie chumbani mpaka iishe?

Hapana. Mapumziko ni ya saa 24 hadi 48 za mwanzo, na simu nayo ipunguzwe. Baada ya hapo, kulala gizani kutwa huchelewesha kupona. Anza kwa kutembea, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kabla ya kutoka, yape maumivu alama kati ya 0 na 10. Zikipanda alama moja au mbili na kushuka ndani ya saa moja, kesho endelea. Zikizidi hapo, fupisha safari, usiiache.

Kazini ni hivyo hivyo. Muda wa ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi) ukiisha, omba kuanza na nusu siku badala ya kurudi kwa nguvu zote.

Naweza kunywa dawa za maumivu kila siku?

Hata parasetamoli, ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa miezi kadhaa, inaweza yenyewe kuleta maumivu ya kichwa. Pombe acha kwanza. Na ukipata homa, nenda ukapime malaria, usiisingizie ajali.

Nyumbani wanasema nimekuwa mkali na msahaulifu.

Hasira za ghafla, usahaulifu na usingizi mbovu ni dalili kama nyingine. Waonyeshe maelezo haya. Hesabu za duka mwachie mwingine kwa sasa, miadi iandike, na ulale na kuamka saa zile zile. Huzuni ikikaa wiki mbili bila kuondoka, mwambie daktari, maana nayo ina matibabu.

Naweza kuendesha pikipiki au kucheza mpira?

Bado, hadi dalili ziishe na daktari aruhusu. Kugongwa tena kabla hujapona ni hatari kubwa.

Dalili gani hazisubiri asubuhi?

Maumivu yanayozidi kila saa, kutapika mara kwa mara, degedege, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito wakati wa kuongea, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, au usingizi ambao mtu haamshiki. Kwa mzee, mnywaji wa pombe, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kukusanyika polepole kichwani wiki kadhaa baada ya ajali, hata kama CT ya kwanza ilikuwa safi. Akianza kuchanganyikiwa au kuyumba, arudishwe hospitali apigwe nyingine.