Kuchanganya vimiminika ndani ya chipu: kwa nini kuongeza kasi ya pampu hakusaidii

Chukua mfereji wa chipu, yaani kipande kidogo cha mpira wa silikoni au kioo chenye mifereji myembamba ya kupitisha vimiminika, wenye upana wa mikromita 200 na kina cha mikromita 80. Upande mmoja ingiza maji yenye rangi ya fluoresini, upande wa pili maji matupu, jumla mikrolita 10 kwa dakika. Yakikutana kwenye njiapanda ya T, yatasafiri bega kwa bega bila kuvurugana. Namba ya Reynolds, yaani uwiano wa nguvu ya mwendo na nguvu ya mnato, hapa ni takriban 1. Katika mabomba ya kawaida msukosuko huanza namba hiyo ikipita 2,000 hivi.

Kinachobaki ni usambaaji, molekuli kuvuka mpaka zenyewe. Ili kukadiria muda, zidisha upana kwa upana, kisha gawanya kwa mara mbili ya kipimo cha usambaaji, namba inayoonyesha molekuli husambaa haraka kiasi gani. Kwa fluoresini, ambayo kipimo chake majini ni kama mikromita za mraba 400 kwa sekunde, unapata sekunde 50. Maji yanakwenda takriban sentimita 1 kwa sekunde, kwa hiyo unahitaji mfereji wa nusu mita. Protini kama albumini, yenye kipimo cha 60 hivi, itataka zaidi ya mita 3.

Wengi hapa hukimbilia kuongeza kasi ya pampu. Katika mfereji ulionyooka hilo linaharibu zaidi: muda unaohitajika haubadiliki, urefu ndio unaoongezeka. Adui ni umbali kati ya vimiminika, na ndio wa kupunguzwa. Ukipunguza upana kwa nusu, muda unashuka hadi robo, ila shinikizo linapanda na uchafu mdogo tu unaziba njia.

Suluhisho zuri zaidi lisilo na kifaa kinachojongea ni mifuo ya mfupa wa samaki, iliyoelezwa mwaka 2002 na Abraham Stroock na wenzake wa Harvard. Sakafu ya mfereji huchongwa mifuo ya umbo la V, iliyoinama nyuzi 45, kina chake kati ya robo na nusu ya kina cha mfereji. Ncha ya V haikai katikati bali kwenye theluthi moja ya upana, na baada ya kila mifuo kadhaa, tuseme 6, inahamia upande wa pili. Kimiminika huzungushwa, kikakunjwa na kunyooshwa kama unga wa chapati, tabaka zikawa nyembamba kila mzunguko. Sentimita 1 hadi 2 hutosha. Hata kasi ikiongezwa mara kumi, urefu unaohitajika huongezeka kidogo tu.

Kinachokwamisha mara nyingi ni hewa. Mpira wa silikoni wa PDMS hukataa maji, mapovu yakabaki ndani ya mifuo, na kimiminika kikapita juu yake kana kwamba sakafu ni bapa. Jaza kwanza ethanoli, kisha isukume kwa maji. Chuja kila kitu kwa kichujio cha mikromita 0.45. Usipitishe kloroformu wala tolueni, kwani PDMS huvimba; kwa hivyo tumia chipu ya kioo. Pampu ya sindano ikienda polepole mno hutoa mapigo, na michirizi ya rangi huonekana ikipishana mferejini: weka sindano nyembamba, ya mililita 1, ili pistoni iende haraka zaidi.

Usiamini picha ya kutoka juu pekee. Tabaka mbili zilizolaliana huonekana zimechanganyika kabisa. Hadubini ya konfokali, inayoonyesha mkato wa mfereji, ndiyo itakayozifichua.