Mota Haitafuti Setilaiti

Hapa Mtwara, mtu akishafunga mota kwenye dishi lake la futi nane utamsikia: "Kazi imekwisha, sasa itatafuta setilaiti yenyewe." Haitafuti kitu. Mota inazungusha dishi kwenye mhimili mmoja tu, basi. Mhimili ukikaa upande, dishi litazunguka upande mwaka mzima.

Setilaiti za matangazo zimejipanga kama upinde juu ya ikweta, kama kilomita 35,786 kutoka ardhini. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo upinde huo tunauelekea kaskazini, tena juu sana: kilele chake ni kama nyuzi 78 kutoka upeo wa macho. (Kijitabu kilichoandikiwa Ulaya kitakwambia uelekee kusini. Kipuuze.)

Mota itaufuata upinde huo ikiwa tu mhimili umekaa sawa. Ndiyo maana jasho lote liishie kwenye nguzo inayobeba dishi. Isimamishe kwa timazi kabla zege halijakauka. Kisha tafuta kaskazini ya kweli ya kupangia mhimili, maana dira huonyesha ile ya sumaku. Jua likifika kileleni, kivuli cha nguzo hulala kaskazini-kusini. Kwetu ni kwa wastani saa sita na dakika ishirini mchana, si saa sita kamili. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua hupita utosini na kivuli hakionekani. Subiri wiki kadhaa.

Anza na setilaiti iliyo karibu na longitudo yetu, nyuzi 40 mashariki. Ya nyuzi 36 inafaa. Ukiipata hiyo lakini za pembeni zikapotea, usikimbilie kununua mota nyingine. Nguzo imeinama, au kaskazini yako siyo.