Kabla ya Kununua Kifaa cha Kutuliza Mlio wa Masikio

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki yetu ya masikio hapa Kampala wakilalamikia mlio usiokoma huja na simu mkononi. Wameona tangazo. "Daktari, hiki kitanifaa?" Ni swali la haki, hasa ukitazama bei.

Kwanza sikio lichunguzwe. Nta iliyoganda, kwinini, sindano za zamani za kifua kikuu kama streptomaisini, miaka ya kuchomelea chuma au kushinda kwenye mashine ya kusaga: vyote huweza kuleta mlio. Aliyepungukiwa na usikivu nitampendekezea kifaa cha kusaidia kusikia bila kusita. Akianza kuwasikia watu vizuri, mara nyingi mlio nao humsumbua kidogo.

Kwa vifaa vingine nasita. Kuna vinavyotoa sauti ya mvua au mawimbi. Uhakiki wa 2018 wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, haukupata ushahidi wa kutosha kuvipendelea, na redio yenye sauti ya chini kando ya kitanda itakupa karibu hayohayo. Kuna Lenire, inayosisimua ulimi kwa umeme huku ikipiga sauti masikioni. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiruhusu Machi 2023, na inauzwa kwa maelfu ya dola. Utafiti wake mmoja ulihusisha watu 326 na wengi walipata nafuu, lakini ulilinganisha mipangilio tofauti ya kifaa hichohicho, bila kundi lililopewa cha bandia. Basi nafuu ipi ni ya umeme, na ipi ni ya matumaini? Vidonge vya mmea wa ginkgo sina haja ya kuvijadili: mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2014 ulishauri visipendekezwe.

Tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo ina ushahidi mzito zaidi. Uhakiki wa Cochrane wa 2020 ulikusanya tafiti 28 zenye watu zaidi ya 2,700. Tiba hii haizimi mlio. Inapunguza adha yake, na wauzaji hupenda kuyachanganya hayo mawili. Ubongo ukishauhesabu mlio kuwa hatari, mtu huutegea sikio usiku kucha, akihofia uziwi, uvimbe kichwani, au kwamba amerogwa, na kadiri anavyohofu ndivyo anavyousikia zaidi. Mshauri humsaidia kuipima hofu hiyo, kuupanga upya usingizi, na kurudi arusini au msikitini alikokuwa ameacha kwenda.

Nitaambiwa washauri wenyewe ni wachache. Ni kweli. Lakini kule Masaka na Rakai, wilaya za hapa Uganda, katika utafiti uliochapishwa 2003, wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu waliongoza vikundi vya mazungumzo vya wagonjwa wa sonona kwa wiki 16. Mwishoni waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, dhidi ya 54.7 kwa wasiopata huduma hiyo. Sonona si mlio wa masikio, wala sidai namba hizo zitajirudia. Hata hivyo, fedha zikipatikana, ningeanza kwa kuwafundisha wauguzi wa afya ya akili katika hospitali za rufaa za mikoa kabla ya kuagiza kifaa chochote.

Asiyepaswa kungoja kifaa wala mazungumzo ni yule ambaye mlio uko sikio moja tu, unadunda sambamba na moyo, au umekuja na kizunguzungu kikali. Na usikivu ukikatika ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa hufaa zaidi zikianzwa mapema.