Kabla ya Presi, Anza na Mizani

Wanaoanza kujaza risasi upya, yaani kutia kiwashio, baruti na kichwa kipya katika ganda lililokwisha kutumika, huniuliza kwanza kuhusu presi, mashine ya mkono ya kazi hiyo, na wengi huwa wameshavutiwa na ile kubwa inayozunguka, ambayo kila ukishusha mpini hutoa risasi moja iliyokamilika. Mimi huwarudisha kwenye mizani. Presi duni itakuchosha, lakini mizani inayodanganya inaweza kupasua bunduki mkononi mwako.

Baruti hupimwa kwa greni, na greni moja ni takriban miligramu 65. Mizani ya kazi hii hutakiwa kuonyesha hata sehemu ya kumi ya greni, na kwa kipimo kidogo namna hiyo, upepo wa feni au mlango uliofunguliwa ghafla hutosha kuyumbisha matokeo. Nilipoanza, niliweka mizani ya elektroniki ya bei nafuu karibu na dirisha. Asubuhi moja nikaona namba zikipanda polepole ilhali kisahani kilikuwa kitupu. Baruti yote niliyokuwa nimekwisha kuipima niliirudisha kwenye kopo lake. Tangu hapo natumia mizani ya mhimili, isiyohitaji umeme, na kila ninapoketi kufanya kazi huihakiki kwanza kwa mawe ya mizani yenye uzito unaokaribiana na ule ninaokusudia kuupima.

Kuhusu presi, nunua ya hatua moja. Hubeba kalibu (kifaa cha chuma kinachofanya hatua moja ya kazi) moja tu kwa wakati, kwa hiyo maganda yote hupitia hatua ya kwanza kabla hujaingia ya pili. Ni kazi ya taratibu, nakubali, lakini ndiyo inayokuwezesha kuliona kosa. Mashine inayozunguka hufanya mambo manne au matano kwa mkupuo, na jicho lisilozoea haliwezi kujua ni ganda lipi limepata baruti mara mbili na lipi limekosa kabisa. Kwenye presi ya hatua moja, maganda 50 husimama kwenye kibao chenye matundu; ukishamimina baruti, unamulika kwa taa kutoka juu na kulinganisha kina cha baruti katika kila ganda kabla ya kuweka kichwa chochote cha risasi. Mimi hukagua mara mbili, nikianzia upande tofauti.

Kalibu za maganda ya bastola yaliyonyooka ni bora ziwe za kabaidi, madini magumu sana, kwani hazihitaji mafuta. Ganda la bunduki lenye shingo nyembamba lazima lipakwe mafuta yake, la sivyo litanasa ndani na utapoteza siku nzima kulitoa.

Ongeza kalipa ya kupimia urefu wa ganda na wa risasi iliyokamilika, miwani ya kinga, na kitabu cha vipimo kutoka kwa watengenezaji wa baruti au vichwa vya risasi, ambacho utakifuata kuanzia kipimo cha chini. Baruti ikae katika kopo lake la asili, na mezani pasiwe na aina mbili kwa pamoja. Haya yote, bila shaka, ni baada ya kuhakikisha kwamba sheria ya nchi yako na leseni yako vinakuruhusu.

Ngoma ya kung'arishia maganda inaweza kusubiri. Kitambaa chenye unyevu huondoa masizi ya kutosha bila kurusha vumbi la fataki (kile kiwashio cha ganda), ambalo mara nyingi huwa na madini ya risasi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.