Paa Jipya, Bima Ileile: Tunayoyaamini Vibaya Kuhusu Bima ya Nyumba Florida

Ndugu zetu wengi walionunua nyumba Florida wanaujua uchungu wa kufungua barua ya bima na kukuta ada imepanda tena. Ushauri wa kwanza wanaopeana ni mmoja: badilisha paa. Mtu anakopa, anaezeka upya, mwaka unaofuata bima iko palepale. Fedha hizo zinauma, na wengine wangeziokoa kwa kumwita mkaguzi kabla ya kumwita fundi.

"Paa likiwa jipya, bima hushuka yenyewe"

Haishuki yenyewe. Sheria ya Florida inazitaka kampuni za bima zitoe punguzo kwa nyumba iliyoimarishwa dhidi ya upepo, lakini punguzo hilo hufuata karatasi: fomu OIR-B1-1802, inayojazwa na mkaguzi anayetambuliwa kisheria na kutumika hadi miaka 5. Tena linakata ile sehemu ya ada inayohusu upepo tu. Sehemu ya moto, wizi na mengineyo inabaki.

Na vigae vya lami vinavyong'aa juu ni kipengele kimoja tu. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Miami mwezi Agosti 1992, mapaa mengi yaling'oka kwa sababu mbao zake zilikuwa zimeshikizwa ovyo. Maafa yale ndiyo yaliyozaa kanuni za ujenzi za jimbo zima, zilizoanza kutumika Machi 2002. Kwa hiyo mkaguzi anauliza zaidi ya umri wa vigae: nini kinalishikilia paa lisiondoke?

Alipokuja kwetu nilipanda naye darini. Alitambaa hadi pembeni kabisa, pale kenchi inapokalia ukuta, akamulika tochi, akaweka futi kando ya kibano cha chuma kinachofunga kenchi ukutani na kupiga picha. Misumari miwili. Fomu inataka isipungue mitatu. Kikiwa na miwili, kibano hakihesabiwi, ni kama kenchi imepigiliwa msumari wa mshazari tu. Vibano vyote vilikuwa hivyo. Tulimwita fundi akaongeza msumari mmoja kwa kila kibano, kazi ambayo haikukaribia hata kidogo bei ya paa jipya. Vigae vyetu vya zamani havikuguswa.

Vingine anavyoandika ni ukubwa wa misumari ya plaiwudi iliyo chini ya vigae na umbali kati yake (inchi 6 ni bora kuliko 12), kama viungo vya plaiwudi vimezibwa maji yasipenye vigae vikiruka, kinga za madirisha, na umbo la paa. Paa linaloteremka pande zote nne hupata punguzo kubwa zaidi, ila hilo huwezi kulibadilisha kwa bei rahisi. Misumari ya plaiwudi na viungo vyake virekebishe siku vigae vya zamani vinapong'olewa, maana kuvifikia baadaye ni shida.

"Ukaguzi ni mtego"

Hofu hii ina msingi nusu. Kuna ukaguzi wa upepo niliousimulia: unaulipia wewe, na unaupeleka kwa kampuni ili upate punguzo. Upo pia ukaguzi wa mambo manne, yaani paa, umeme, mabomba na mitambo ya kupoza na kupasha joto, ambao kampuni huudai kwa nyumba za zamani kabla ya kukubali kuzikatia bima. Huo wa pili unaweza kukunyima bima kweli. Wengi wanaziogopa kaguzi zote mbili kwa pamoja, wanapoteza punguzo lililokuwa lao.

"Paa likifika miaka 15 lazima ling'olewe"

Sheria iliyopitishwa Mei 2022 inasema kinyume. Paa lisilofikisha miaka 15 haliwezi kuwa sababu ya kukataliwa bima kwa umri wake peke yake. Likifikisha 15, una haki ya kutaka likaguliwe kwanza, na mkaguzi akithibitisha kwamba lina miaka 5 au zaidi ya kutumika, umri pekee hauipi kampuni ya bima ruhusa ya kukukataa. Ukipokea barua ya kutaka ubadilishe paa, dai ukaguzi huo kwa maandishi.

"Kimbunga kikija, bima itanipa paa jipya"

Soma mkataba wako. Baadhi hulipa thamani iliyobaki baada ya kutoa uchakavu, na paa la miaka 18 huwa limebakiwa na kidogo. Halafu kuna kiasi unachojilipia mwenyewe kwanza: kwa kimbunga mara nyingi ni asilimia 2 ya kiwango cha bima ya nyumba, yaani dola 8,000 kwa nyumba iliyokatiwa dola 400,000. Fundi anayegonga mlango na kuahidi kukusamehe kiasi hicho anakualika kwenye kosa la jinai. Usisaini chochote mlangoni.

Na ukifika wakati wa kuezeka kweli, mwambie fundi apige picha za misumari kabla hajaifunika, na akukabidhi nakala ya kibali cha ujenzi. Mkaguzi ataiulizia tarehe yake.