Je, wajua? Panya anayenyonyesha hupunguza makali ya CRF, homoni ya mfadhaiko, ubongoni

Wengi huamini kwamba homoni zote za mfadhaiko huharibu malezi. Kwa panya, imani hiyo inayumba mapema. Kotikosteroni, inayofanya kwa panya kazi ya kotisoli kwa binadamu, hutoka kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Panya aliyezaa akiondolewa tezi hizo hageuki mama bora. Huwalamba wanawe kidogo zaidi, na akirudishiwa kotikosteroni kulamba huongezeka. Tena kulamba huko si mapenzi tu: kitoto kichanga hakikojoi vizuri bila kuchochewa na ulimi wa mama.

Kinachovuruga malezi ni CRF, ambayo mama anayenyonyesha huipunguzia makali: ni peptidi, yaani mnyororo mfupi, ya asidi amino 41 iliyotambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake. Kutoka haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, CRF huanzisha mfululizo wa homoni unaoishia kwenye adrenali. Lakini hutumika pia kupeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, na huko haihitaji adrenali hata kidogo.

La mgambo likilia kuna jambo, ila hushtuka mwenye kusikia. CRF ndiyo mgambo, na vipokezi R1 na R2 ndiyo masikio. Seli isiyo na kipokezi haijali mgambo ulie vipi. Yenye kipokezi hutenda kulingana na sehemu ya ubongo iliyomo, kwa hiyo mlio mmoja huleta woga hapa na uzembe wa kunyonyesha pale. Ipo pia protini inayoinasa CRF njiani, mlio ukafifia kabla ya kufika sikioni.

Maabara haipimi upendo. Huhesabu ni mara ngapi mama ananyonyesha akiwa amepinda mgongo juu, mkao unaowapa watoto nafasi ya kufikia chuchu. Hutawanya watoto kizimbani na kupima muda wa kuwakusanya. Kisha humwingiza panya mgeni waone kama mama atamshambulia. CRF ikidungwa ubongoni, unyonyeshaji wa aina hiyo hupungua na ukali dhidi ya mgeni hushuka. Katika eneo dogo la ubongo liitwalo BNST, upande wa nyuma, R2 ndicho kinachoonekana kubeba lawama kubwa zaidi.

Cha ajabu zaidi ni panya wadogo (si watoto, bali aina ya panya wa umbo dogo) waliozaliwa bila ile protini inayonasa CRF: majike wenye watoto walipungukiwa na ukali wa kuwalinda, ilhali madume walipigana wao kwa wao kama kawaida.

Hata hivyo, kipokezi hakipaswi kuzimwa kabisa. Panya wadogo wasio na R1 tangu tumboni hawakuwa mama wa mfano. Malezi yao yalibadilika pia. Ila mnyama aliyekua bila kipokezi huenda amejipanga upya kwa njia nyingine, kwa hiyo jaribio hilo halituelezi vizuri kinachotokea mama wa kawaida anapopunguza makali ya CRF kwa wiki tatu tu za kunyonyesha. Sindano nayo ina kasoro yake: humwaga CRF nyingi kwa mkupuo, jambo ambalo seli zenyewe hazifanyi.