Kwa nini wakili aliyekwisha hitimu hurudishwa darasani kujifunza kesi za kashfa?

Chuoni, kashfa hufundishwa kama kipande kidogo cha madai ya fidia: mtu kachafuliwa jina, anadai pesa. Uhuru wa kujieleza hufundishwa na mwalimu mwingine, kwenye somo la katiba. Mwandishi wa habari akishtakiwa, mambo hayo mawili huingia kwenye faili moja, na wakili aliyezoea upande mmoja hujibu upande huo tu. Ndiyo sababu kuna mafunzo maalumu. Shirika la Media Defence la London, kwa mfano, huwakutanisha mawakili wachache wa Afrika, kila mmoja akiwa na kesi anayoishughulikia wakati huo, wakaichambua hati kwa hati.

Kazi huanzia kwenye maneno yenyewe. Hati ya madai inapaswa kunukuu maneno yanayolalamikiwa kama yalivyotamkwa au kuandikwa, si muhtasari wake. Kama redio ilitangaza kwa Kiswahili au Kijaluo, maneno yawekwe kwa lugha hiyo, ndipo tafsiri ya Kiingereza ifuate. Wakili wa utetezi mwenye jicho kali hupata nafuu yake ya kwanza hapa. Mtu aliyeitwa “fisadi” akitafsiriwa kuwa ameitwa mwizi, tuhuma imebadilika, na nchini Kenya mabadiliko hayo yana bei: kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kinasema tuhuma ikihusu kosa la kifo, fidia isipungue shilingi milioni 1, na ikihusu kosa la kifungo kisichopungua miaka 3, isipungue shilingi 400,000. Tafsiri ya neno moja yaweza kumsogeza mdaiwa hadi kwenye kiwango hicho.

Mdai naye ana mitego yake. Kusema “nimeumia moyo” hakutoshi. Kashfa hupimwa kwa jinsi watu wengine wanavyomwona mtu, kwa hiyo anahitaji shahidi ambaye si yeye mwenyewe, aliyesoma au kusikia na ambaye heshima yake kwa mdai ilishuka. Ushahidi wa mtandaoni nao huangusha kesi nyingi bila sababu ya maana: picha ya skrini imeletwa, lakini cheti kinachoeleza ilitolewa kwenye kifaa gani, vipi na nani, kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, hakipo.

Kwenye utetezi, kosa kubwa kuliko yote ni kukimbilia ukweli. Wakili huandika “habari ile ni ya kweli” kwa sababu mteja wake anaamini hivyo. Lakini mzigo wa kuthibitisha ukweli huo uko kwa mdaiwa, na shahidi wake muhimu mara nyingi ni mtoa habari wa siri asiyeweza kupanda kizimbani. Utetezi wa ukweli ukiporomoka, mahakama inaweza kuuhesabu kuwa umelizidisha tusi, na fidia ikapanda. Mafunzo mazuri humlazimisha wakili kupanga ushahidi mezani kwanza, kisha ndipo achague: ukweli, maoni ya haki juu ya jambo la umma (na maoni lazima yasimame juu ya mambo ya kweli), au kinga, kama ile ya kuripoti kwa usahihi yaliyosemwa bungeni au mahakamani. Wakati mwingine jibu bora ni marekebisho na radhi iliyochapishwa mapema. Mawakili hawapendi kusikia hivyo.

Ndipo inapokuja hoja ya haki. Wengi huandika “kifungu hiki kinakiuka ibara ya 33 ya Katiba” wakaishia hapo, wakisahau kwamba ibara hiyo hiyo ya Katiba ya Kenya, inayolinda uhuru wa kujieleza, inataka heshima za wengine zilindwe. Kipimo kina ngazi tatu: je, zuio la uhuru huo liko kwenye sheria iliyo wazi? Lina lengo halali? Je, ni la lazima, na ukali wake unalingana na lengo hilo? Kesi nyingi huamuliwa kwenye ngazi ya tatu. Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso, alifungwa miezi 12 kwa kumkashifu mwendesha mashtaka. Tarehe 5 Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliona kifungo hicho kimepita kiasi. Tahadhari: mahakama haikusema kila sheria ya jinai ya kashfa ni batili. Waliotaka kufika huko walikuwa majaji wanne wa upande wa wachache, na wakili anayemnukulia hakimu maneno yao kana kwamba ndiyo hukumu huumbuliwa na upande wa pili. Kwa hoja pana zaidi kuna kesi ya Jacqueline Okuta, ambapo Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha mwaka 2017 kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Moja ya sababu ni kwamba fidia ya madai ilitosha bila jela.

Kilichobaki ni kalenda, na ndipo kesi nzuri nyingi hufa. Kenya, shauri la kashfa lifunguliwe ndani ya miezi 12. Arusha kuna mahakama mbili zenye milango inayopingana. Mahakama ya Afrika humtaka mlalamikaji amalize kwanza ngazi zote za nchini kwake, tena nchi hiyo iwe imetoa tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko. Tanzania, mwenyeji wake, ililiondoa tamko hilo mwaka 2019. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, haidai kumaliza ngazi za ndani, ila inatoa miezi miwili tu tangu sheria ipitishwe au kitendo kifanyike, na imekataa hoja kwamba ukiukwaji “unaendelea”. Wakili anayesubiri kwa nidhamu hukumu ya rufaa nyumbani ndipo aende huko, amechelewa. Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya Tanzania ilisainiwa Novemba 2016; Baraza la Habari Tanzania na wenzake walikuwa masjala ya mahakama hiyo Januari 2017, na Machi 28, 2019 ikaona vifungu kadhaa, vya kashfa vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.